Manowari ya Kina Kifupi

Uliwasikia abiria wawili kivukoni, ukageuzia uso dirishani, kama ulivyofanya wavuvi walipofukuzwa gatini. Kivuko kilikuwa kinateleza polepole ndani ya ukungu, na manowari mpya imetulia karibu na ufuko kama wingu lililoshuka kunywa maji.

Mwokota chaza aliitazama kama aliye ndotoni. "Kubwa vile, na haikwami matopeni?"

"Imeundwa kwa vita vya pwani, mama," akajigamba jirani yake, fundi anayeipaka rangi manowari hiyo. "Kina kifupi ndicho uwanja wake. Leo mchana wanaijaribu mbio."

"Leo, maji yakiwa yamekupwa?" Ndoto ikamtoka. Juzi manowari ilipita taratibu tu, mawimbi yake yakawafunika waokotaji hadi kifuani, wameipa bahari mgongo, maana maji yakishakupwa nani huyaogopa? "Binti yangu yuko matopeni sasa hivi!"

"Mama, mimi napaka rangi tu."

"Basi zipake na sanda zetu!"

Kivuko kikagusa gati. Mama akatimua mbio ufukoni kuwaita wenzake. Wewe uliyesikia yote, lango la wanamaji liko mbele yako. Shuka, uligonge mpaka wazime injini za manowari.