Tulidhani Senene Anamlilia Ferdinand

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Ferdinand Rwegasira wa Hyattsville, huku ughaibuni. Mtu wa Bukoba, dereva wa basi la shule, baba wa binti mmoja. Mwezi huu ametimiza mwaka tangu atutoke. Mkewe, Domina, ametuomba tusimulie na habari za simbilisi wa marehemu. "Semeni yote," alituambia. "Hata pale nilipokosea."

Simbilisi huyo, yule mnyama mdogo wa manyoya anayefugwa ndani, aliitwa Senene. Ferdinand alimpa jina hilo, la panzi wanaoliwa kwao Bukoba, siku ya kwanza, alipomwona akirukaruka kwenye zulia. Kila Jumamosi alimweka kwenye mizani ya jikoni, akaandika uzito wake kwenye kalenda ya kanisa kando ya friji. Binti yao Queen, wa miaka tisa, alishika bakuli ili mnyama asitoroke. Domina aliwacheka. "Kwetu mnyama akipimwa, ujue anauzwa."

Ferdinand alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa pili, wasikilizaji, Jumanne asubuhi. Alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, moyo ukasimama. Miaka arobaini na sita.

Watu walijaa msibani, kisha wakatawanyika. Domina akarudi kwenye kazi yake ya kutunza wazee. Nyumbani alikaa mezani mpaka ugali ukapoa. Ndipo akaona Senene naye hali. Majani makavu yalibaki vilevile.

"Wifi, hata mnyama anamlilia kaka," alisema Edna, dada wa marehemu.

Domina aliamini. Tena, anakiri mwenyewe, neno hilo lilimfariji. Alikuwa amepata mwenzake wa kuomboleza.

Aliyeona ukweli ni Queen. Mtoto huyu husikia Kiswahili vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Alimwambia mama yake kwamba Senene anataka kula. Anaikimbilia karoti, anaitia mdomoni, inadondoka. Na kidevu chake kimelowa mate.

"Mwache, mwanangu. Ana huzuni."

Siku ya pili yake Queen alirudi kumwambia tena. Senene anajipangusa mdomo kwa miguu, haachi.

"Nimesema mwache!"

Queen akairudisha karoti kwenye friji.

Jumamosi Domina alimnyanyua Senene asafishe kizimba. Chini ya manyoya ilibaki mifupa. Akamweka kwenye mizani. Kalenda, kwa mwandiko wa Ferdinand, ilisema gramu mia tisa na themanini. Mizani ilisema mia sita na kumi.

Daktari wa wanyama, kule Silver Spring, alimchungulia mdomoni kwa kifaa chenye taa. Meno ya mbele yalikuwa mazuri tu. Ya nyuma yalikuwa yamerefuka, yamekutana juu ya ulimi na kuubana.

"Meno yao hayaachi kukua," alieleza. "Huyu alikuwa na njaa, mama. Alitaka kula, hakuweza."

Wakampa dawa ya usingizi wayapunguze meno yale. Mwili ulikuwa umechoka mno. Senene hakuamka.

Kwenye gari, Queen alipakata boksi lenye mwili wa Senene. Domina hakuwasha injini.

"Uliniambia," alisema. "Uliniambia mara mbili, nikakufokea. Nisamehe, mwanangu."

Ndipo Domina akauliza swali ambalo hakuwa ameuliza tangu mazishi.

"Na wewe je? Chakula cha shule unakula?"

Queen alitikisa kichwa. Safari hii alijibu kwa Kiswahili. "Hakipiti, Mama. Nilitaka kusema. Ulikuwa unalia."

Wasikilizaji wapendwa, mwenye simbilisi nyumbani asikie. Akidondosha chakula, akilowa kidevu, akichagua vilaini tu, akipungua, usiseme ana huzuni. Meno ya mbele yasikudanganye. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Kutokula kwa siku moja tu ni hatari kwake.

Domina, Queen, Edna na ukoo wote, hapa na Bukoba, poleni sana. Mungu amrehemu Ferdinand.

Nasi tuliobaki tujiulize usiku huu: nani nyumbani mwetu ametuambia jambo mara mbili, tukamwambia anyamaze? Twendeni tukamwombe aseme mara ya tatu.