Nilijiangusha Mbele ya Madhabahu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa. Mtajua sababu.

Mnanifahamu. Mimi ndiye yule muuza asali wa Ng'ambo, hapa Tabora, mwenye kibanda cha mbao na dirisha la kunyanyua na kushikizwa kwa kijiti. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikawalea wadogo zangu wawili, Mihayo na Kabula. Siku ya kumaliza matanga Baba mdogo wa Choma aliniambia, "Ukishindwa, mwanangu, hawa watakuja kwangu wachunge ng'ombe." Hakusema kwa ubaya. Lakini kwake shule iko mbali, na mimi niliapa kwamba wao watamaliza.

Mwaka juzi tulikuwa tunashusha asali kwenye lori. Ndoo ikateleza, ikanipiga utosini. Nilipoteza fahamu kidogo, nikaamka, nikanawa uso, nikaendelea kushusha. Jioni nilitapika mara mbili. Baada ya wiki mbili nikajiona mzima.

Ndugu zangu, kilichofuata kinanishangaza mpaka leo. Dirisha la kibanda lilinigusa kichwani. Nasema lilinigusa, hata yai lisingevunjika. Siku ileile mwanga wa jua ukawa unanichoma macho, kichefuchefu kikaja, maneno yakanipotea. Nilitaka kumwomba Kabula faneli ya kumiminia asali, nikabaki nasema, "Kile... kile chenye mdomo." Nililala siku nne. Nikapona. Kisha Kabula alipokuwa ananisuka, kiwiko chake kikanigonga. Siku sita. Kisha kizingiti cha mlango. Kila mara kitu kidogo, kila mara nalala upya. Nikajiuliza, babu zetu Wanyamwezi walitembea na mizigo mpaka pwani, mimi nalazwa na kiwiko cha mtoto?

Jirani mmoja akasema ni mimba. Mwingine akasema ni jini lililofuata asali kutoka porini. Mimi nilijifunga kanga kichwani nikasema ni malaria, maana habari za Tabora hufika Choma kwa Baba mdogo kabla ya basi.

Ndipo nikaja hapa kwenye maombezi. Tulisimama mbele watu saba. Mchungaji alimwekea mikono wa kwanza, akaanguka. Wa pili, akaanguka. Sita wote wakawa chini. Akanifikia mimi. Ndugu zangu, sikusikia kitu. Nilisimama kama nguzo. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Jini la huyu ni sugu." Nikaona aibu. Nikajiangusha.

Mdakaji, yule anayewapokea wanaoanguka, alikuwa bado anamfunika kanga dada wa sita. Kisogo changu kikapiga saruji. Ninyi mkashangilia, ikatangazwa kwamba nimefunguliwa na kwamba Jumapili inayofuata nitashuhudia.

Sikuja. Nilikuwa nimelala, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia mwanga. Kesho yake nikajilazimisha kwenda kibandani. Nilimimina asali pembeni ya chupa, ikatiririka mezani, wala sikuiona. Mteja akaniuliza, "Dada, leo unawauzia siafu?" Nikamgeukia Kabula nikamwambia, "Mama, nipe kitambaa."

Mama yetu ana miaka tisa kaburini.

Kabula hakunipa kitambaa. Alisubiri mteja aondoke, akasema, "Dada, kanisani ulijiangusha."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuona. Uliangalia nyuma kwanza. Mtu wa pepo haangalii nyuma."

Siku ile nilishtuka kuliko siku ya ndoo. Mtoto alijua wiki nzima akaninyamazia, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari, mama mtu mzima, aliniuliza habari za nyuma mpaka tukafika kwenye ndoo. Akasema ubongo wangu ulitikisika siku ile, nami sikuupumzisha, na kuna watu ambao baada ya hapo hata kugongwa kidogo kunarudisha yale ya kwanza. "Ukigongwa, acha kazi hapohapo," akasema. "Pumzika siku moja, mbili, urudi polepole. Mzigo kichwani basi. Ukitapika mfululizo au maumivu yakizidi, njoo mbio." Nikamuuliza kama nitapona. Akasema, "Wengi hupata nafuu. Lakini nyumbani kwako wanajua?"

Nikampigia simu Baba mdogo. Nikamweleza yote, hata la kujiangusha. Akasema neno moja: "Nakuja." Alikuja na mfuko mtupu wa kubebea nguo za watoto. Nilimpikia ugali. Nilimwomba Mungu, na kwa mara ya kwanza sikuomba kupona. Niliomba nisidanganye.

Kesho yake, Baba mdogo akiwa amekaa kwenye benchi la kibanda, kijiti cha dirisha kikateleza, dirisha likanigusa kichwani tena. Zamani ningecheka niseme sijaumia. Nikasema kwa sauti, mbele yake, "Limenigonga. Nakaa." Nikakaa kivulini. Kabula akashika faneli, akaendelea kupima. Mihayo alipotoka shule akasukuma ndoo kwa toroli. Hakuna aliyepiga kelele. Safari hiyo nilipumzika siku mbili tu.

Baba mdogo aliona yote. Alipoaga, alimkabidhi Kabula ule mfuko. "Wekeni sare za shule," akasema. Kisha akanigeukia: "Na hilo dirisha, Ng'ambo nzima hakuna mtu mwenye kamba?" Akalifunga mwenyewe kabla ya kupanda basi.

Ndugu zangu, kichwa changu bado si kizima. Uongo ndio ulionitoka, na Bwana ndiye aliyeutoa, kwa mdomo wa mtoto. Namshukuru. Mlioshangilia bure, nisameheni. Mchungaji, nakuomba, mara nyingine niombee nikiwa nimekaa.

Mnaona kiti hiki cha pili hapa pembeni yangu. Kabula amekibeba kutoka nyumbani. Kama siku ile kuna mwingine aliyeanguka kwa sababu wenzake wameanguka, au anaumwa na kusema ni malaria, aje akae hapa, tumwambie Bwana kama ilivyo. Mwaminini, anatusikia hata tukiwa tumekaa.