Daktari Vidole na Ombi la Chumba Kimoja

Marehemu kaka yetu, ambaye wagonjwa walimzoea kwa jina la Daktari Vidole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi seremala na mkewe mkunga. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja mlango wa jikoni ulikuwa unakwaruza sakafu, mama akataka upigwe randa chini. Kaka, akiwa na miaka tisa, akapanda kiti, akashika bawaba ya juu, akasema, "Ugonjwa uko huku." Baba alikaza skrubu mbili, mlango ukafunga vizuri. Tangu hapo hatukupumua. Kila kilicholia nyumbani alitaka kukifungua.

Alimaliza sekondari mwaka 1977, kisha akasomea udaktari wa osteopathia na kuhitimu Novemba 1985. Jina hilo liliwatatiza wengi. Baba mdogo alipoelezwa kwamba madaktari hao hutibu pia kwa mikono, alishika kichwa: "Yaani tumemsomesha miaka yote hiyo akakande watu migongo?" Ukweli ni kwamba alisoma dawa na upasuaji kama madaktari wengine, na juu ya hayo akasoma jinsi mifupa, misuli na viungo vya ndani vinavyotegemeana, na jinsi ya kuvichunguza kwa vidole. Mimi mdogo wake, ninayesoma wasifu huu, ni daktari wa picha za eksirei. Naungama kwamba siku ile nilicheka pamoja na baba mdogo.

Mwaka 1987 alifungua kliniki ya vyumba viwili juu ya duka la rangi. Alipima presha, aliandika dawa, alituma watu maabara. Lakini kwanza aliomba kuona soli za viatu, upande gani umelika zaidi. Mwalimu mmoja alimwendea na bega la kulia lililomsumbua miezi minne. Kaka alilishika, akaliachia, akamuuliza maumivu yanamjia baada ya kula nini. Kisha akamtuma hospitalini ninakofanya kazi na kikaratasi: "Bega halina neno. Tazameni nyongo." Nilimpima mwenyewe kwa ultrasaundi, nikakuta mawe matatu kwenye kifuko cha nyongo. Hadi leo najiuliza vidole vile vilisikia nini. Wakati ule sikumuuliza, wala sikumpigia simu kumwambia kwamba amepatia.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988 na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekwenda kupunguza suruali, akamwambia, "Dada, unakaa upande mmoja. Nyonga haikuumi?" Wifi akamjibu bila kuinua macho, "Kaka, umeleta suruali au umeleta nyonga?" Kaka alirudi na suruali nyingine tatu, zote zikiwa zinamkaa sawasawa.

Mwaka 2009 hospitali yetu ilianzisha kliniki ya maumivu. Kaka aliomba chumba kimoja, siku mbili kwa wiki, ili mwenye kuumwa mgongo asilazimike kuchagua kati ya picha, dawa na mikono, bali avipate vyote mahali pamoja. Hakuna kitu alichokitaka kama hicho. Barua ya majibu ilikuwa na mistari miwili ya kumkatalia, bila sababu. Kwa miaka kumi na mitano aliitafuta sababu hiyo. Aliirudia fomu yake ya maombi kuisoma, akafanya kozi tatu za ziada, akaniuliza na mimi: "Wewe uko mle ndani. Hebu nisaidie, nilikosea wapi?" Nikamjibu, "Sijui, kaka. Mambo ya ofisi." Nilijua. Tulikuwa watu watano kwenye kamati iliyoamua ombi lake. Wawili walikubali, wawili walikataa, na kura ya mwisho ilikuwa yangu.

Aprili mwaka huu mgongo ulianza kumuuma. Alijipapasa mwenyewe, akaniambia, "Msuli hauumi hivi. Nipige picha." Ilikuwa saratani ya kongosho, na picha niliisoma mimi. Jumapili tarehe 6 Oktoba, asubuhi, tukiwa wawili tu chumbani kwake, nilimwambia kuhusu kura. Aliuliza, kama kawaida yake.

"Uliogopa nini?"

"Wenzangu wasije wakasema nimemwingiza kaka yangu mkandaji."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo fomu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Hata ukurasa wa tatu?"

"Hata huo."

"Mwambie na wifi yako. Nimemsomea ile fomu mpaka ameichukia."

Halafu akaomba maji. Hakusema kama amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada yetu mkubwa, na mimi. Wenzangu wa kamati ile, baadhi yenu mko hapa. Nimeona aibu kuyasema haya mbele yenu, lakini yeye alisubiri jibu miaka mingi mno, na sitaki aendelee kudhaniwa kwamba alipungukiwa.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Hukukosea mahali popote.