Zawadi ya Mkwe Haili Majani

Basi la Maneromango lilijikongoja, na mzee Pazi hakutulia kitini, macho yake kwenye kikapu cha mama aliyekaa naye, Mwanamvua. Ndani alijikunyata simbilisi, kinyama kama sungura asiye na mkia.

“Leo siku ya pili hajaangusha hata kidonge cha kinyesi,” Mwanamvua alilalama. “Kaletwa na mkwe wangu, tarishi wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya kule Iringa. Akifa huyu, mkwe nitamtazamaje?”

“Unamlisha nini, mwanangu?”

“Wali wa nazi. Zawadi ya mkwe niilishe majani, watu wanicheke?”

“Wali ndio umemfunga tumbo. Mpe majani!”

“Babu, wewe umefuga lini?”

Swali zuri; Pazi hata kuku hakuwahi kuwafuga wakamaliza msimu.

Basi likasimama Kisarawe. Pazi akashuka mbio, akang’oa ukoka, akaupitisha dirishani. Mwanamvua akaupokea, akawatazama abiria, kisha akafunika kikapu kwa khanga, mkono wenye ukoka ukiwa ndani.