Ukuta wa Mama Yangu

Sogeeni, wanangu, na mmoja wenu azime hiyo redio, maana sauti yangu imebaki ya kuchota kwa kijiko.

Kitindamimba wangu alikwenda kwenye ghala la kumbukumbu za mahakama kutafuta asili yetu, akarudi na picha hii, ya pekee ya bibi yenu iliyobaki duniani, kwa sababu zile nyingine baba yangu mkubwa alizichoma jikoni, nami mtoto nikitazama, akisema ukoo wake haufugi wafungwa. Na wewe, mwanangu wa kwanza, jana uliiangalia ile namba ya mfungwa kifuani pake ukaniambia, "Mama, tuirudishe kwenye bahasha, wakwe wanakuja Jumamosi." Nilinyamaza kwa kuwa kikohozi kilinibana, si kwa kuwa nilikubali.

Sasa sikilizeni alichofanya. Bibi yenu alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka yenye damu za watu asiowajua, na siku msimamizi wao alipomburura dobi mwenzao mjamzito aliyeomba kuketi apumue, mama hakupiga kelele. Alinyanyua ndoo ya wanga wa kunyooshea nguo akammwagia bwana yule kuanzia utosini, na waliokuwapo walisema suti ilimkaukia mwilini, akawa anatembea kama mlango. Mama wakamfunga jela. Dada yenu huyu kitindamimba amewasomea karatasi za kesi: hakimu alipomuuliza kama anajuta, alijibu, "Naujutia wanga tu."

Alipotoka jela kazi hana, na baba yangu keshashikwa masikio na ndugu zake, kamwacha. Akanilea kwa kufua majumbani mwa watu. Kwa mikono ile nikajifunza kushona, na kwa cherehani yangu ninyi mkasoma mpaka mkajua kuona haya. Mkataa kwao ni mtumwa, wanangu, na mimi sikuzaa watumwa.

Nyumba hii naiacha kwenu nyote sawasawa, wa kike na wa kiume, asije mtu wa ukoo akawapimia kwa kamba yake. Cherehani ni ya kitindamimba. Lakini ukuta wa sebuleni unaotazama mlango siwapi. Huo ni wa mama yangu. Mtundikeni hapo, msiikate namba, msimfunike kwa maua, na mkwe akiuliza huyu nani, ajibiwe kabla hajaketi. Atakayeona picha hiyo inamshushia hadhi, aende akatafute ukoo usio na watu.

Nipeni maji. Basi… yanatosha.

Mwanangu wa kwanza, futa machozi, sijakulaani, nakutuma. Kalete nyundo, nataka nisikie msumari ukiingia ningali hai. Mungu awape watoto wabishi, wasiojua kuinama pasipo haki… awape na mikono ya kuwalisha…

Gonga, baba. Usiogope ukuta.

Juu kidogo… juu.

Hapo.