Abiria wa Leipzig

Tangu basi litoke Ruwi, Bi Nawar alikuwa akitazama dirishani, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa wanaume wawili wa kiti cha mbele. Mzee mmoja alipakata boksi la treni ndogo ya Kijerumani, ya kuchezewa na watu wazima. Mwenzake, ambaye ndiyo kwanza wakutane, alimwuliza naye aanzeje mchezo huo.

"Anza na meza, reli ya duara na stesheni moja," alisema mzee. "Mie nimejenga ya Leipzig, nlikosoma ujanani. Hata abiria nimewaweka, visanamu. Yuko bibi mmoja kavaa koti jekundu, kasimama anangoja."

"Anamngoja nani?"

"Treni," alisema mzee. Bi Nawar akakohoa. "Ila kila mke wangu akifuta vumbi," mzee akaendelea, "namkuta yule bibi kapakiwa kwenye behewa la makaa."

"Nawe wafanyaje?"

"Nnamteremsha."

"Si umgandishe kwa gundi?"

"Nikimgandisha, mke wangu atajua."

Basi likasimama Rusayl. Bi Nawar akainuka, akamwinamia mzee. "Nisalimie sana mkeo," alimwambia, wala hakuwa akimjua.