Cheo cha Orpa Kabanyana Kimefika Juu ya Jeneza

Wachungaji, wazee wetu, mama na baba, majirani wa Nakivale na wageni mliotoka Mbarara, poleni sana, Bwana awatie nguvu. Kwa desturi yetu historia hii ingesomwa na kaka yetu Gervais, ila yeye mwenyewe amenipa mimi, Madeleine, mdogo wa marehemu, akisema mambo mengine ni mimi niliyeyaona, basi nivumilieni, maana nina uchungu na sitauficha.

Marehemu Orpa Kabanyana alizaliwa tarehe 2 Juni 1968 huko Bijombo, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa Mzee Rugamba, akasoma shule ya msingi palepale nyumbani, akaendelea na sekondari Uvira, fasi ambapo wasichana walihesabika kwa vidole, akapata diploma ya Serikali katika mambo ya mifugo mwaka 1988. Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Semahoro, Mungu akawajalia watoto wawili, Joël mwaka 1991 na Mariette mwaka 1994, kisha vita vya 1996 vikamchukua shemeji yetu, na dada yangu akapita Burundi na Tanzania na watoto wake, akavuka mpaka wa Uganda pale Kikagate mwezi wa Desemba, akapewa kiwanja hapa kambini Nakivale, akalima mahindi kama sisi wote.

Mwaka 2001 chama chetu cha maziwa kilipoanza alichukuliwa kuwa mpimaji, ndiye aliyepokea maziwa ya kila mfugaji asubuhi, akayapima kama hayakutiwa maji, akayasindikiza kwa pikapu mpaka kwenye tangi la baridi kule Kakoba, Mbarara, na mwaka 2006 akafanywa naibu meneja. Meneja Léopold alipohamia Kampala mwaka 2009, Orpa akaitwa kaimu, na ukaimu huo ukala miaka mitatu, jamani, miaka mitatu mtu anafanya kazi ya meneja, anabishana na wanunuzi wa Mbarara mpaka bei inapanda, lakini kwenye kikao anaambiwa, mama Joël, lete chai.

Mwaka 2012 akina mama wa chama tulisimama tukadai athibitishwe, na hapo mwenyekiti wetu, Mzee Ngabo, ambaye ameketi hapa mbele na ninamheshimu kwa umri wake, akasema meneja wa watu wa maziwa sharti ajue kukama, akijua fika kwamba kwetu mwanamke huosha vyombo na kusukasuka siagi, lakini kukama ni mwiko. Walidhani atarudi nyumbani akalie. Jumamosi tarehe 7 Julai 2012, mbele ya wanachama wote, Orpa alikaza kitenge chake, akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, akakama mpaka chombo kikajaa povu, nasi wanawake tukapiga vigelegele. Kumbe ulikuwa mtego! Wazee walewale wakageuka, wakasema mwanamke aliyevunja mwiko ataleta laana mazizini, nani atakunywa maziwa yake, wakayamwaga chini yeye akiangalia, na Laurent, aliyeingia kazini mwaka uliotangulia, akawa meneja. Asipokama, hafai, akikama, amelaaniwa, sasa niambieni, wazee wangu, mlitaka apite wapi?

Aliendelea na unaibu wake, akamfundisha Laurent kazi bila kinyongo, kinyongo nilikibeba mimi, na kuna watu wa kanisa hilihili waliokuja kumtembelea wakakataa chai yake kwa sababu ina maziwa, mnajijua. Aliwakaribisha tena wiki iliyofuata.

Mwezi wa Mei 2014 alianza kuugua, madaktari wa Mbarara wakaona ni kansa ya kizazi, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena baada ya Noeli, hadi Jumatano tarehe 11 Machi 2015, saa nne asubuhi, alipotuacha, akiwa mikononi mwa binti yake Mariette.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana naye mpaka mwisho, majirani wa Kakoba, alikokaa wakati wa matibabu, waliomletea uji kila siku bila kumjua, na wachungaji waliomwombea. Chama cha maziwa, asanteni kwa gari na kwa shada la maua, ila utepe wa shada hilo umeandikwa Meneja Wetu Mpendwa, nami nilipousoma asubuhi niliwaita ndugu zangu wausome. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ninyi mmemnyonga kwanza, haki mnamletea akiwa ndani ya sanduku. Familia imenituma niufungue utepe huo na kuwarudishia, huu hapa, maana Laurent alipata safari ya kuhamia Australia mwezi wa Januari, kiti kiko wazi, na tangu siku hiyo kazi yote inafanywa na Cyiza, binti aliyefundishwa na marehemu, naye anaitwa kaimu, yule pale nyuma, amebeba sinia la chai yenu. Mzee Ngabo, mpe huyo, angali hai.

Dada yangu Orpa, wewe pumzika kwa amani, kikao cha chama ni Jumatatu, sisi wanawake tutakuwepo.